Mama Mkwe, Swichi Nyekundu na Barabara ya Ngoingwa

Tangu nirudi, kila mtu anayepita dukani kwangu ana swali moja. Baba Ndung'u, ilikuwaje ukatoka Mwihoko saa mbili asubuhi ukafika Ngoingwa saa saba na nusu mchana? Mtoto wa baiskeli angekupita. Wengine mmesikia nilikosana na mama mkwe njiani. Wengine mmesikia injini ilifunguliwa ikawekwa kwa gunia. Muchiri, fundi wangu wa waya, naye anasimulia kama mtu aliyekuwepo, na hakuwepo. Sasa nimeamua kuandika yote, kila mtu asome mara moja, tuendelee na mambo mengine.

Mimi si mtu wa kalamu, mnajua. Shule niliacha darasa la sita. Lakini mtu aliyeanza na pampu moja ya mkono na beseni la maji la kutafutia puncha, na leo ana maduka matatu ya matairi na ploti ya orofa mbili, hawezi kushindwa na hadithi ya safari moja. Ya kutafuta mafuta na kuosha gari nayaruka. Naanza na swichi, kwa sababu bila swichi hakuna safari ya kusimulia.

Kabla ya kuondoka

Gari mnalijua. Ni station wagon la mwaka wa sabini na tisa, rangi ya chai ya maziwa, gia iko kwenye usukani. Nililipata Gatanga likiwa nyumba ya kuku, kuku wanatagia kwenye buti, na nikalifufua kwa miaka mitatu. Nililipa jina la nyanya yangu, Nyaguthii, kwa sababu kwetu hilo ni jina la mtu asiyetulia nyumbani. Hata saa yake ya dashibodi inafanya kazi. Nionyesheni gari lingine la umri huo, kutoka Githurai hadi Thika, ambalo saa yake bado inatembea. Ndiyo maana mimi sivai saa mkononi.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Likikaa siku mbili bila kuendeshwa, betri imekufa. Kuna waya mahali fulani unaiba stima kidogo kidogo, na kuutafuta ni kung'oa gari zima. Muchiri akasema dawa ni swichi ya kukata betri. Inafungwa kwenye ule waya mnene wa hasi. Ukiegesha, unazungusha kishikio chekundu na betri inakuwa kama haipo. Ukitaka kwenda, unakirudisha na gari linaamka.

Alitaka kuifunga ndani ya boneti. Nikakataa. Mwizi wa kwanza kufungua boneti ataiona.

"Basi mzee niiweke kando ya kiti chako," akasema, "mkono wako uifikie."

"Mkono wangu unafika kila mahali. Iweke mbele ya kiti cha abiria, chini pale, nyuma ya miguu. Hakuna mwizi atakayepiga magoti pale."

"Na abiria akikaa?"

"Abiria ni Wanjiru. Nitamwambia asogeze mguu."

Muchiri alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mama Ndung'u asogeze mguu kwa kuambiwa?"

Wanjiru, mke wangu, alikuwa anaanika nguo na alisikia kila kitu. Alisema, "Utakuja kuitafuta hiyo swichi siku ambayo huwezi kuinama." Nilidhani anazungumzia tumbo langu.

Muchiri akapitisha waya mnene kutoka kwa betri mpaka chini ya kile kiti, akafunga swichi, na kutoka hapo akaufunga kwenye bodi. Alhamisi jioni nikawaita wapangaji wote waone. Nazungusha, gari limekufa. Nazungusha, limefufuka. Nilifanya hivyo mara nane hivi.

Sasa hapa lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alishindwa na swichi.

Miaka ishirini na sita iliyopita, nilipopeleka wazee kuposa kwa kina Wanjiru, mama yake aliangalia mikono yangu, ina gundi na weusi wa matairi, akauliza watu wengine waliokuwa hapo, si mimi: "Huyu wa puncha atamlisha mtoto wangu nini, tyubu?" Tangu siku hiyo mimi ni wa puncha. Nimejenga, nimesomesha, nimepaka nyumba rangi mara mbili. Wa puncha. Kwa mdomo wake jina langu halijawahi kupita.

Halafu kuna mambo ya thoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mtu na wakwe zake. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama mkwe. Mama yake Wanjiru ni wa zamani. Hali mbele ya mkwe wake, na mkwe hali mbele yake. Humgusi, humkaribii, hutaji kitu chochote cha mwili wake, hata kidole. Nikiwa na neno nilimwambia Wanjiru, Wanjiru akampelekea, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Wiki hiyo alikuwa amekuja kwetu ili aonwe macho Ruiru, akakaa siku nne. Zilikuwa siku nne za giza, kwa sababu mama huyo anazima vitu. Akitoka chumbani, swichi zote za ukuta ziko juu, zimezimwa. Alizima friji, maziwa yakaharibika. Alizima televisheni katikati ya habari, hakujua niko nyuma ya kiti natafuta kiatu. Kwake, kitu ambacho hakuna mtu anakitumia sasa hivi kinakula bure.

Jumamosi Njoki, dada mdogo wa Wanjiru, alikuwa anaingia nyumba yake mpya Ngoingwa. Maombi saa tano, na mlango ufunguliwe na mama kwa mkono wake. Ufunguo walimkabidhi yeye. Kabla hajafungua, hakuna mtu kuingia, hakuna sahani kuguswa. Wanjiru alitangulia Ijumaa kusaidia kupika. Shemeji yangu, kaka yake Wanjiru, alitaka kumfuata mama na pikapu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mama atakuja na Nyaguthii, na saa nne atakuwa amefika, amepumzika, anakunywa maji.

Hapo nilikuwa nimeweka jina langu lote mezani. Nikimfikisha vizuri, labda ataniita kama mtu. Akichelewa kwa mlango wa mtoto wake kwa sababu yangu, basi nitazikwa nikiwa wa puncha.

Mwihoko hadi Ruiru

Tuliondoka saa mbili kamili kwa saa ya dashibodi. Nilikuwa nimewasha swichi mapema, nikatandika shuka safi kiti cha nyuma, nikafungua mlango wa nyuma, nikarudi hatua tano kwa heshima. Mama alitoka na kiondo na rinda lake la kijani linalofagia chini. Akapita ule mlango niliofungua, akafungua wa mbele mwenyewe.

"Huko nyuma mtu hukaa kama mgonjwa," aliambia mlango.

Nami nikaangalia angani mpaka akamaliza kukaa. Rinda likafunika sakafu yote ya upande ule, na swichi ikiwa chini yake. Sikuwaza chochote. Iliwashwa tayari, nani anaihitaji?

Njiani tulizungumza hivi: yeye anaambia dirisha, mimi naambia usukani. Kwenye mashimo ya Mwihoko akaambia dirisha, "Kitu hiki kinapanda na kushuka kama ngamia." Nikaambia usukani, "Magari ya siku hizi hayana springi kama hizi. Mtu hata yai anaweza kubeba." Dirisha halikuambiwa kitu tena mpaka Ruiru.

Ruiru, karibu na stendi ya boda boda

"Vidonge vya macho vinataka tumbo lenye kitu," aliambia dirisha.

Wanjiru alikuwa amenipangia hilo: thamosi ya chai na nduma zimefungwa kwa taulo. Nikaegesha kando ya barabara, nikazima injini, nikaweka chakula pale katikati ya viti bila kuangalia, nikatoka. Nikaenda kusimama karibu na waendesha boda boda, nikalipa gari mgongo.

"Mzae, umefukuzwa kwa gari lako?" mmoja akaniuliza.

"Mama mkwe anakula."

"Kwani anakula watu?"

Wakacheka, lakini mwenzao mmoja mwenye mvi kidogo akawanyamazisha. "Muacheni. Hata babangu alikuwa hivyo. Alikuwa akimwona mama mkwe sokoni anaruka ua."

Mama hali haraka. Nduma ni kitu cha kutafakari. Ilichukua kama nusu saa, kisha nikasikia kioo kinagongwa kwa pete. Nikarudi, nikakaa, nikazungusha ufunguo.

Kimya. Hata taa ndogo ya dashibodi haikufumbua jicho.

Nikazungusha tena. Nikakohoa kidogo ili mama asisikie ule ukimya. Wale wa boda boda wakaja bila kuitwa.

"Tusukume, mzae. Shosho ashuke?"

"Shosho hashuki," nikasema haraka, maana nani angemwambia?

Wakasukuma. Kutoka stendi mpaka kwa kinyozi, na kutoka kwa kinyozi mpaka stendi, mara tano, mama amekaa mbele kama gavana anayepungia watu, ila hakupunga. Gari halikutoa hata kikohozi. Jamaa mmoja akavua jaketi, mwingine akavua viatu. Mwenye mvi akaniambia, "Mzae, hii kitu umeweka mawe kwa buti?"

Nikafungua boneti. Nikagusa hapa, nikagusa pale. Mwishowe nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi, "Hii ni stima. Stima hakuna kabisa. Hata kidogo hakuna." Nikachukua spana ya magurudumu, nikagonga kichwa cha betri pigo moja la mtu anayejua anachofanya. Nikarudi, nikazungusha ufunguo.

Nyaguthii akanguruma.

"Huyu mzae ni noma," wakasema. Nikawaambia ndiyo, mkono huu umegonga vitu vingi katika maisha. Na nilipoketi nikaangalia saa ya dashibodi: saa mbili na nusu. Niliona kama tumekaa pale muda mrefu zaidi, lakini nikajiambia saa ya Nyaguthii haijawahi kunidanganya.

Nitawaambia sasa nilichokuja kujua baadaye, msije mkapotea kama mimi. Saa ile inakula stima ya betri ile ile. Betri ikikatwa, nayo inalala pale pale ilipofika, na ikiamka inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati wa kweli ulikuwa karibu saa nne.

Ruiru hadi Thika

Hicho ndicho kipande kizuri cha safari. Kupita Juja niliuambia usukani jinsi nilivyojifunza mambo ya stima bila kufundishwa na mtu. Niliuambia kwamba mafundi wengi wana vyeti ukutani lakini hawajui mahali pa kugonga. Nilikuwa natumaini dirisha litasema kitu.

"Jua limepanda," likaambiwa dirisha.

"Leo kutakuwa na joto," nikaambia usukani.

"Limepanda sana."

Nikafungua kioo changu kidogo, nikidhani ni hewa anataka. Saa ya dashibodi ilisema ni saa tatu kasoro, tulikuwa tumefika Thika, na tumbo langu lilikuwa tupu tangu jana. Chai ya asubuhi sikunywa, kwa sababu yeye alikuwa mezani. Nduma sikuonja, kwa sababu alikuwa garini. Nikahesabu kwamba nina masaa mawili mazima, na kutoka pale mpaka Ngoingwa ni mwendo wa kumaliza peremende moja. Nikaegesha karibu na mama mmoja anayeuza mananasi, nikaambia usukani kwamba naenda kuangalia tairi la nyuma, nikaingia kibandani.

Thika, kwa mama wa mananasi

Chapati tatu, ndengu, na supu juu. Mezani kulikuwa na dereva wa lori la mchanga ambaye alisema magari ya zamani ni ya watu wasiopenda kufika. Mtu kama huyo huwezi kumwacha hivyo. Nilimweleza habari za Nyaguthii tangu kuku mpaka pigo la Ruiru, nikamtoa nje akalione kwa mbali, tukarudi, nikaongeza chapati. Nilifuta mdomo vizuri, nikafuta tena, nisije nikaonekana nimekula, nikarudi garini.

Ufunguo. Kimya.

Nikachukua spana, nikagonga pigo moja. Nikarudi. Kimya. Nikagonga mapigo sita. Mwenye mananasi akasogeza meza yake.

Hapo ndipo swichi ilinijia akilini. Labda imelegea. Labda imeguswa. Nikachungulia kupitia kioo kama mtu anayeangalia hali ya hewa: rinda la kijani, kutoka ukuta hadi ukuta. Na mwenyewe ametulia, kiondo mapajani.

Nilikuwa nimemwambia Muchiri mkono wangu unafika kila mahali. Hapo haukufika.

Nikatoa simu kwenye koti lililokuwa kiti cha nyuma. Wanjiru alikuwa amepiga mara kumi na moja. Na saa ya simu ilisema ni saa tano na robo. Niliangalia ya dashibodi, nikaangalia ya simu, nikaangalia jua. Jua lilikuwa upande wa simu.

Nikaenda mbali kidogo, nikampigia.

"Mko wapi?" akauliza Wanjiru.

"Tumefika Thika."

"Mchungaji ameshavaa joho, wewe uko Thika? Watu wamesimama nje kama foleni ya kura. Njoki amekaa kwa ngazi na hasemi na mtu."

"Kuna kitu kidogo tu. Ile swichi. Iko pale ambapo mama ameweka... pale alipokaa."

Nilisikia sufuria nyuma yake. "Si nilikwambia siku ile?"

"Mwambie tu asogee kidogo."

"Nimwambie kwa simu ya nani? Yeye hana. Utampa yako? Basi kama unaweza kumfikia kumpa simu, unaweza kumfikia kumwambia." Akakata.

Wakati huo walikuwa wamefika vijana wawili wenye mikono ya oili. Wa kwanza akasema ni stata. Wa pili akasema si stata, ni altaneta. Mimi nilijua si stata na si altaneta. Nilijua kabisa. Lakini nikasema, "Fungueni stata." Afadhali wangefungua gari lote wakalipanga barabarani kama nguo za mtumba kuliko mimi nimwambie mama mkwe ainue mguu. Wakaitoa, wakaijaribu kwa betri yao, ikazunguka vizuri. Wakaanza kuirudisha. Hiyo peke yake ilikula zaidi ya saa nzima.

Wakiwa bado chini ya gari, nikamwendea mama wa mananasi.

"Mama, nisaidie. Ni jambo la wanawake."

"Jambo gani?"

"Yule mama aliye kwenye gari. Chini ya rinda lake kuna kitu chekundu. Nataka ukizungushe kidogo tu."

Aliweka nanasi chini. Kisu hakukiweka chini. "Hebu rudia hiyo polepole."

"Si vile unafikiria. Ni kitu cha betri."

"Mzee una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na hii ndiyo kazi umepata kufanya Thika." Lakini alikuwa na roho nzuri. Alifuta mikono, akaenda dirishani, wakazungumza na mama kwa Kikuyu, wakacheka, akakata kipande cha nanasi akampa, mama akakifunga kwa karatasi kwa ajili ya baadaye. Akarudi.

"Anasema asante, hana shida. Na kama umechoka kuendesha, pumzika, yeye atangoja."

"Wewe ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama yuko salama. Ulitaka nimuulize yale uliyoniambia mimi?"

Nilisimama pale. Vijana wakamaliza stata, wakatoka chini wakijipangusa. Saa ya simu ilikuwa inakaribia saa saba. Na kupitia kioo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu asubuhi: mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefumbwa. Alikuwa ameshika ule ufunguo wa mlango wa Njoki, umefungwa utepe mweupe, na inaonekana alikuwa ameushika tangu Mwihoko, amekula nao, amemeza dawa nao. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaangalia barabara ya kwenda Ngoingwa kama mtu aliyezoea kungoja watu.

Nikavua kofia. Nikazunguka mpaka upande wake, nikasimama dirishani, nikaangalia mananasi.

"Maitu," nikasema. Yaani mama yangu. Neno hilo sikuwahi kumwambia yeye mwenyewe.

"Ee," akaitika.

"Kuna swichi yangu. Nyekundu. Iko hapo chini nyuma ya mguu wako."

Nilikuwa nimeshasema mguu. Nikangoja kitu kipasuke. Lori likapita. Mwenye mananasi aliendelea kumenya.

"Hii?" akauliza. "Niliizima."

"Uliizima?"

"Si ulienda kula?" Kumbe kufuta mdomo hakukusaidia. "Mtu anaenda kula muda wote huo, ameacha kitu kimewashwa? Hata kule Ruiru niliizima nikinywa chai, nikakuwashia uliposema stima hakuna. Hapa hukusema. Uligongagonga tu, ukaleta watu wa spana. Nikasema labda ni mambo ya wanaume."

Vijana wa stata wakaangaliana. Mmoja akaenda kuegemea ukuta.

"Ungeniambia, Maitu," nikasema, bado naangalia mananasi.

"Nawe ungeniuliza. Leo umeongea na usukani. Miaka ishirini na sita umeongea na Wanjiru. Nilikuwa nikimwambia, mume wako amepata mali, sasa haoni haja ya kunisalimia."

"Mimi? Wewe ndiye unaniona wa puncha mpaka leo."

Aligeuka akaniangalia. Najua, kwa sababu nami niligeuka.

"Na si wewe ni wa puncha? Puncha ndiyo ilisomesha wajukuu wangu. Puncha ndiyo imelipa daktari wa macho. Sasa ulitaka nikuite nani?"

Nikarudisha kofia kichwani. Akainama mwenyewe, rinda likasogea, nikasikia swichi ikisema *tak*.

"Washa twende," akasema. "Mtoto wangu yuko nje."

Thika hadi Ngoingwa

Kipande hiki ni kifupi. Dirisha halikuambiwa kitu, usukani haukuambiwa kitu. Aliniuliza mimi matairi mazuri ya pikapu ya mwanawe ni yapi, kwa sababu aliyonayo yanateleza. Nikamjibu. Nilizungumza matairi mpaka tukafika, na alisikiliza yote, hata ya kuhusu upepo wa tairi wakati wa kiangazi.

Tulipoingia kwenye kiwanja cha Njoki, watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi kwa makundi, sufuria zimefunikwa, mchungaji amevua joho na kulikunja. Shemeji yangu wa pikapu alikuwa amesimama langoni, na alikuwa na uso wa mtu aliyeandaa maneno siku nzima.

"Haya, baba Ndung'u," akaanza. "Saa nne ya kwako ndiyo hii?"

Mama alikuwa anashuka. Hakumruhusu amalize.

"Usimguse wa puncha," akasema, na sauti yake ilifika mpaka jikoni. "Mimi ndiye nilizima gari. Mara mbili. Yeye alinifikisha."

Watu wote waligeuka kuniangalia. Nimesimama mbele ya watu wengi, nimefungua maduka, nimekata utepe. Sijawahi kusimama nimenyooka kama nilivyosimama hapo, nikiwa wa puncha.

Akapanda ngazi, akamshika Njoki kichwani, akaweka ufunguo mlangoni. Mlango ukafunguka. Mchungaji alikuwa bado anatafuta mkono wa joho lake. Mama akaingia peke yake, na sisi nje tukangoja neno la baraka. Tukasikia *tak*. Kisha *tak* nyingine, na nyingine. Njoki alikuwa amewasha taa zote za nyumba mpya ili ipendeze, na mama alikuwa anapita chumba kwa chumba akizizima. Alipomaliza, akatokea mlangoni.

"Sasa ombeni," akasema.

Kurudi

Tulirudi Mwihoko Jumapili, mimi na Wanjiru, bila shida. Alikaa kile kiti, na nilipomwambia asogeze mguu hakusogeza. Muchiri alikuwa sahihi.

Muchiri huyo amekuja mara mbili kutaka kuhamisha swichi. Anasema sasa nimejionea. Nimemkataza. Itakaa pale pale.

Mama amebaki Ngoingwa kwa muda, kwa sababu ya macho. Simu bado hana, lakini jioni anaazima ya Njoki, na haipigii simu ya Wanjiru tena. Inalia yangu, dukani, wateja wakisikia.

"Wa puncha," anasema. "Umezima?"

"Nimezima, Maitu."

Halafu anakata. Nami natoka, navuka barabara mpaka mahali Nyaguthii alipoegeshwa, nafungua mlango wa abiria, napiga magoti, na nazima.